Trekta la Petroli Likikataa Kuwaka: Fuata Njia ya Umeme



Mvua ndefu haziulizi kama trekta lako limewaka. Huku Kisii na Nyamira mawingu huanza kukusanyika mwezi wa pili, na kufika mwezi wa tatu kila mwenye shamba anataka mbegu yake iwe udongoni. Trekta likikaa bandani siku kumi wakati huo, hasara yake haiishii kwa malipo ya fundi. Utaiona tena siku ya kuvuna, kwa sababu mahindi yaliyochelewa kupandwa hayazai kama yale yaliyowahi mvua.

Mzee mmoja wa skimu upande wa Nyansiongo alikuja ofisini kwetu mwezi wa Machi, mvua imekwisha kuanza. Huniita Mwalimu, maana nilimfundisha mjukuu wake kabla sijawa karani wa kilimo.

“Mwalimu,” alisema, “hili trekta litanimaliza. Nimenunua betri. Nimenunua koili. Nimenunua plagi nne. Mafundi wawili wamekula pesa zangu na bado halitoi hata moshi. Sasa niuze ng’ombe ninunue kitu gani tena?”

“Tata,” nilimjibu, “usiuze kitu. Kwanza tujue umeme unakwamia wapi.”

Mimi si fundi wa injini. Lakini kazi ya ualimu ilinifundisha jambo moja. Mtoto akikosea hesabu, humpi daftari jipya. Unatazama kazi yake mstari kwa mstari mpaka uone alipopotea. Na trekta ni vivyo hivyo. Usinunue kitu chochote kabla ya kujua umeme umefika wapi na umekatika wapi. Kazi hiyo yataka taa ndogo, muda wa saa moja, na subira.

MATREKTA TUNAYOYASEMA

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962, na mashamba makubwa ya upande wa Sotik yakagawanywa. Ndiyo leo Nyansiongo, Lietego, Matutu na skimu nyingine za Borabu. Matrekta mengi ya zama hizo yalikuwa madogo ya petroli. Linalojulikana sana ni Ferguson TE20 la kijivu, lililotengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000. Ni trekta gumu. Mwezi wa Januari 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya Ferguson ya namna hiyo, katika theluji na baridi kali. Basi lako lisishindwe na ukungu wa asubuhi wa Borabu.

Mengine ya aina hiyo huanzishwa kwa petroli na kuendeshwa kwa mafuta ya taa. Hayo pia hutumia cheche, na maneno haya yanayafaa. Lakini trekta la dizeli halina plagi za cheche wala koili. Kama lako ni la dizeli, ugonjwa wake uutafute kwingine.

JINSI UMEME UNAVYOSAFIRI

Kuna njia mbili, njia ndogo na njia kubwa.

Njia ndogo huanzia kwenye betri. Umeme hupita kwenye ameta, yaani saa ya kupimia umeme, kama trekta lako linayo. Kutoka hapo huenda kwenye swichi ya ufunguo, kisha kwenye koili, kisha kwenye pointi zilizo ndani ya distributa, na mwisho hurudi kwenye betri kwa kupitia mwili wa trekta. Huu ni umeme wa volti 12 tu, au 6 kwa baadhi ya matrekta ya Marekani kama Ferguson TO20.

Njia kubwa huanzia katikati ya koili. Umeme hupita kwenye waya mnene mpaka kifuniko cha distributa, ukashuka kwenye rota inayozunguka, na rota ikaugawa kwa nyaya nne za plagi. Huu una maelfu mengi ya volti, kwa maana ni lazima uruke nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi.

Volti 12 hugeukaje kuwa maelfu? Umepata kufunga bomba la maji kwa ghafla ukasikia mabomba yakigonga ukutani? Maji yaliyokuwa yakienda polepole yamezuiwa mara moja, na nguvu yake yote imetoka kwa pigo moja. Pointi hufanya hivyo. Zikifungana, umeme hupita ndani ya koili. Zikiachana kwa ghafla, umeme hukatika, na koili hutoa pigo kubwa la volti kwenye njia ya pili. Kondensa, kile kikopo kidogo kilicho karibu na pointi, husaidia umeme ukatike upesi na huzuia pointi zisiungue.

Kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima. Umeme upite pointi zinapofungana, na ukatike kabisa zinapoachana. Likikosekana moja, cheche hakuna.

KABLA YA KUGUSA

Weka trekta mahali peupe, si ndani ya banda lenye nyasi. Funga breki, weka gia huru, funga bomba la petroli. Ondoa madebe ya mafuta na ufute petroli yoyote iliyomwagika. Cheche unayoitafuta ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukuunguza. Usivute sigara, wala usilete moto karibu na betri, kwa sababu hewa inayotoka ndani yake hulipuka.

Kisha hakikisha kwamba ugonjwa ni wa umeme. Zungusha injini kidogo kwa stata, halafu fungua plagi moja uitazame na kuinusa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na cheche ndiyo iliyokosa. Ikiwa ni kavu kabisa, tazama kwanza bomba la petroli, chujio, na tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi.

Tena usidanganywe na stata. Katika Ferguson ya kijivu stata hufanya kazi unaposukuma fimbo ya gia mpaka alama ya S. Stata ikizungusha vizuri, imeonyesha kwamba betri ina nguvu, basi. Njia ya cheche ni nyingine.

TENGENEZA TAA YA KUPIMIA

Chukua balbu ndogo ya gari ya volti 12, kama ile ya taa ya nyuma. Kama trekta lako ni la volti 6, tafuta ya volti 6. Iunge na nyaya mbili ndefu kiasi cha mkono. Ijaribu kwanza kwenye betri: iwake. Baada ya hapo waya mmoja uufunge kwenye chuma safi cha injini, kisicho na rangi wala grisi. Waya wa pili ndio utakaokuwa kidole chako cha kupimia.

HATUA YA KWANZA: BETRI NA MWILI WA TREKTA

Fungua vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, osha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kwangua mpaka shaba au risasi ing’ae, kisha kaza. Fuata waya mnene unaotoka betri mpaka unapofungwa kwenye mwili wa trekta. Hapo kutu na rangi hujificha, na watu wengi hawapatazami. Fungua, kwangua, kaza.

Angalia pia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye mwili wa trekta. Ferguson nyingi za kijivu zilitoka kiwandani na alama ya + ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye mwili, kinyume cha magari ya siku hizi. Mtu akiweka betri mpya kwa mazoea ya gari, huigeuza. Tazama vizuri kabla ya kufunga.

HATUA YA PILI: SWICHI NA KOILI

Koili za Lucas zina alama mbili, SW na CB. SW hupokea waya wa swichi. CB hupeleka umeme kwenye distributa. Fungua kifuniko cha distributa. Ikiwa pointi zimefungana, ziachanishe kwa kijiti kikavu au weka kipande cha karatasi ngumu kati yake.

Washa swichi. Gusa SW kwa taa. Ikiwaka, nenda hatua ya tatu.

Isipowaka, rudi nyuma. Gusa mahali waya unapotoka kwenye swichi, kisha mahali unapoingia, kisha upande mmoja wa ameta, kisha upande wa pili. Mahali pa mwisho taa ilipokataa na mahali pa kwanza ilipowaka, kati ya hapo ndipo penye ugonjwa. Ikiwaka kwenye mlango wa kuingilia wa swichi lakini si wa kutokea, swichi imekufa. Ikiwaka mwanzo wa waya lakini si mwisho wake, waya umekatika, hata kama ganda la nje ni zima.

HATUA YA TATU: POINTI

Sasa gusa CB, pointi zikiwa zimeachana. Taa iwake.

Ikiwa SW inawaka na CB haiwaki, fungua ule waya mwembamba unaotoka CB kwenda distributa, ugusane na kitu chochote usiachwe, halafu pima CB tena. Ikiwaka sasa, koili ni nzima, na umeme unavuja mahali fulani upande wa distributa: waya umechubuka na kugusa chuma, kondensa imekufa, au kile kizuio kidogo cha pointi kimevunjika. Isipowaka hata sasa, koili imekatika ndani. Hapo, na hapo tu, ndipo ununue koili.

Kama CB imewaka vizuri, rudisha waya na uache pointi zifungane. Taa ya kwenye CB izimike, maana umeme umepata njia fupi ya kwenda kwenye mwili wa trekta. Ikiendelea kuwaka, pointi hazipitishi umeme. Mara nyingi ni uchafu, mafuta au kutu tu, hasa kwa trekta lililokaa miezi bila kazi. Zima swichi, pitisha tupa ndogo laini au msasa laini kati ya pointi, kisha pangusa kwa karatasi safi ili vumbi la msasa lisibaki.

Pima pia nafasi ya pointi zinapoachana kabisa. Kitabu cha trekta kitakuambia kipimo cha distributa yako. Kwa distributa nyingi za Lucas za wakati huo kipimo kiko kati ya elfu 10 na elfu 16 za inchi. Nafasi ikizidi au ikipungua, cheche hudhoofika na majira yake hupotea.

Na hapa ndipo tulipoukuta ugonjwa wa yule mzee. Siku ya Jumamosi nilifika kwake na balbu yangu. SW iliwaka. CB iliwaka. Pointi zikafungana, na taa ikaendelea kuwaka. Tukasafisha pointi, bado. Nikagusa waya mwembamba ulio ndani ya distributa, ule unaotoka nje mpaka kwenye pointi, nikautikisa kwa kijiti. Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika. Ule waya husogea kila wakati injini inapotetema, na baada ya miaka mingi ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Kwa macho ulionekana mzima. Tukaweka kipande cha waya laini chenye nyuzi nyingi, kirefu kama kidole. Bei yake haikufika ya soda moja.

Mzee alitazama ile koili mpya, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Ng’ambo ya ua mahindi ya jirani yalikuwa yamekwisha kuota.

HATUA YA NNE: CHECHE YA KOILI

Njia ndogo ikiwa safi, chomoa waya mnene wa katikati kutoka kwenye kifuniko cha distributa. Mwisho wake uweke karibu na chuma safi cha injini, nafasi ya robo inchi, mbali na kabureta na matundu ya plagi. Usiushike kwa mkono. Ufunge au uushike kwa kijiti kikavu. Umeme huu hupiga kwa nguvu, na mtu mwenye moyo dhaifu asiujaribu.

Washa swichi. Pointi zikiwa zimefungana, ziachanishe kwa kijiti kwa mpigo wa haraka. Kila zinapoachana, cheche iruke.

Ikiwa ni ya buluu na ina mlio, koili na kondensa ni nzima. Ikiwa ni nyembamba na ya manjano, na pointi zenyewe zinatoa moto mwingi, shuku kondensa kwanza. Ndiyo ya bei ndogo. Ikiwa hakuna kabisa, badilisha waya mnene kwa mwingine uliojaribiwa. Bado hakuna? Koili imekufa upande wa pili.

HATUA YA TANO: KIFUNIKO, ROTA, NYAYA NA PLAGI

Cheche ya koili ikiwa nzuri na injini bado haiwaki, ugonjwa uko mbele. Nchi yetu hii ya vilima hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na unyevu ni adui mkubwa wa kifuniko cha distributa. Kipanguse ndani kwa kitambaa kikavu. Kitazame juani: ukiona mstari mwembamba mweusi kama wa penseli, huo ni ufa au njia iliyochomwa na umeme. Kifuniko hicho hakiponi. Angalia kile kijiti cha kaboni cha katikati kama kipo na kinasogea. Tazama rota isiwe na ufa.

Kisha hesabu nyaya za plagi. Katika Ferguson ya kijivu mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, na silinda namba 1 ni ile ya mbele, karibu na rejeta. Fuata upande ambao rota inazungukia. Mtu akizichomoa zote pamoja na kuzirudisha kwa kukisia, atapata milio ya bunduki na trekta halitakwenda. Zitie alama kabla ya kuchomoa.

Mwisho plagi. Zisafishe, pima nafasi kwa kipimo cha kitabu, na uondoe yenye kauri iliyopasuka.

LIKIWAKA NA KUZIMIKA NJIANI

Trekta jingine huwaka vizuri asubuhi, likapata joto likazimika, na likipoa huwaka tena. Usingoje lipoe. Jaribu hatua ya nne papo hapo. Cheche ikiwa imepotea wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi, ni koili au kondensa inayoshindwa na joto. Cheche ikiwa ipo, tazama petroli.

MAMBO MATATU YANAYOUA KOILI MPYA

La kwanza, kuacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimika. Pointi zikiwa zimefungana, umeme hupita bila kukoma na koili hupata moto mpaka ikafa. Ukimaliza kupima, zima.

La pili, kufunga betri ya volti 12 kwenye trekta la volti 6 bila kubadilisha koili na vingine vinavyohusika.

La tatu, kununua koili isiyofaa. Koili nyingine za magari zimetengenezwa zifanye kazi pamoja na kipunguza umeme. Ukiifunga moja kwa moja kwenye volti 12 za trekta la zamani, itapata moto na kuunguza pointi. Unaponunua, mwambie mwenye duka kwamba wataka ya volti 12 kamili, isiyohitaji kipunguza umeme.

FANYA SASA, SI SIKU YA MVUA

Mwezi wa kwanza, baada ya sikukuu na kabla ya mawingu, toa trekta bandani uliwashe. Likikataa, una wiki kadhaa mbele yako badala ya siku mbili. Weka katika kopo lenye kifuniko: balbu na nyaya zake, msasa laini, bapa la kupimia pointi, kondensa moja, kipande cha waya laini, na kitambaa kikavu. Kopo hilo likae kwenye trekta.

Na fundi akija, usiondoke kwenda kutafuta chai. Simama naye. Akisema, “Nunua koili,” mwulize kwa heshima, “Umeme umeupima ukafika wapi?” Fundi mwema atafurahi kukuonyesha. Asiyeweza kukuonyesha, mwambie angoje kidogo, ukalete kopo lako.